Biashara yako inaweza kukaa arobaini?

Siku ya tisa ya arobaini yangu, mtoto kalala kifuani, wakaniletea chai na kipande cha mkate wa kumimina, huu wetu wa mchele na nazi, ndio biashara yangu. Nikatafuna mara moja nikauliza, mmenunua wapi huu? Wakatizamana. Mkate umetoka jikoni kwangu, kwenye sufuria zangu, umepikwa na wasichana nilowafundisha mwenyewe miaka miwili mizima, na mie mwenye mkate siujui. Chini umeungua, kati mbichi, hiliki hamna kabisa. Kabla ya kujifungua nilikua na maduka tisa yanachukua mkate wangu, Amani, Mwanakwerekwe na Fuoni hapa Unguja, siku natoka nje nikakuta yamebaki mawili, na mmoja katika wale wawili akanambia waziwazi, dada mie nilikua nakustahamilia tu kwa sababu ya uzazi.

Wasichana sikuwalaumu. Nilikaa nikajiuliza miaka miwili yote nimewafundisha nini haswa, na jibu likawa nimewafundisha kuniuliza.

Tokea hapo mtu akinijia tuzungumze biashara simuulizi anauza ngapi kwa siku, namuuliza biashara yako inaweza kukaa arobaini? Mana sisi huku kwetu tuna vipimo kabisa vya mtu kuondoka kwenye kazi yake na hakuna anaevikwepa, msiba siku tatu, harusi ya Pemba wiki, uzazi siku arobaini, Hija mwezi na zaidi, na mrefu kuliko yote eda ya mwanamke aliefiwa na mume, miezi minne na siku kumi yuko ndani. Haya yatakuja, tusichokijua ni lini tu. Kama biashara haivuki hata siku tatu za msiba bila ya mwenyewe kupigiwa simu yuko kwenye khitma anaulizwa gesi inaagizwa wapi, basi bado ni kibarua ambacho bosi na mfanyakazi ni mtu mmoja, akiumwa mmoja wameumwa wote.

Sasa hapa ndipo linapokuja hili neno mfumo, na nataka nilifungue taratibu mana limechanganywa sana. Ukisema mfumo mtu anafikiria kompyuta, anafikiria programu ya kulipia kila mwezi, au kampuni kubwa yenye watu waliovaa vitambulisho shingoni. Kuna kaka mmoja nafahamiana nae anauza vipuri vya Vespa, alinunua programu ya duka kwa pesa nyingi, na mpaka leo ukimuuliza plagi zimebaki ngapi anaingia stoo kuhesabu kwa vidole, kwa sababu hakuna mtu aliepangiwa kuingiza kwenye programu kitu kinapotoka. Programu ni daftari lenye taa. Kama la karatasi limekushinda hilo lenye taa litakushinda zaidi, na ushalilipia.

Mie mfumo nauelewa hivi: ni jibu la swali linalojirudia, limewekwa pahala ambapo mwengine anaweza kulikuta na wewe haupo. Tuloweke mchele kiasi gani leo? Gesi ikikaribia kuisha nani anaagiza? Mteja anataka kukopa, tumpe? Mkate uliorudi jana tunaufanya nini? Maswali haya yanakuja kila siku, na kila yakija jibu linatoka kichwani kwako, kwa hiyo kichwa chako ndio stoo ya biashara nzima na ufunguo unao peke yako.

Nikafanya kitu chepesi sana na hichi ndicho ambacho ningemwambia kila mtu aanze nacho. Wiki nzima nikatembea na kidaftari mfukoni mwa dera, kila mtu akiniuliza kitu cha kazi naandika lile swali, jibu silishughulikii. Ilipofika Ijumaa nina maswali 63. Nikayakusanya yanayofanana pamoja yakabaki 14. Kumi na nne tu! Na mawili kati ya hayo, la kuloweka mchele na la mikopo, yamejirudia zaidi ya mara 20, kwa hiyo hata pa kuanzia nikapaona. Wengi wanashindwa kwa sababu wanakaa chini waandike taratibu kutoka juu, wanajaza kurasa za dira na dhamira, na dira ni kitu kizuri lakini haimwambii msichana aloweke kilo ngapi usiku huu.

Sisi wa chakula tuna neno letu moja, mkono. Fulani ana mkono, bibi yako alikua na mkono wa biriani. Na wapo kweli wenye mkono sikatai, lakini neno hili limebeba vitu viwili tofauti ndani yake na mpaka uvitenganishe hutomfundisha mtu. Ndani ya mkono kuna vipimo ambavyo mwenyewe hajawahi kuvipima, na kuna uamuzi, ule wa kuona na kunusa na kugusa ukajua. Vipimo unaweza kuviandika leo jioni. Uamuzi una kazi yake. Na kwa nilivyoona jikoni kwangu, sehemu kubwa ya kitu tunachokiita mkono ni vipimo tu.

Nilivyojua ni hivi. Nilimwita mama aje anielekeze mkate upya huku naandika. Mama akasema mchele kiasi, sukari kiasi, hiliki kiasi, tui zito la kasimile kiasi, hamira kidogo. Mama, kiasi gani? Utaona mwenyewe mwanangu. Basi nikabadilisha mpango, nikanunua mizani ya jikoni, nikamwambia msichana mmoja kila atakachokishika mama kabla hajakitia kipite kwenye mizani kwanza, uandike, na usimsimamishe, apike kama anavyopika siku zote. Siku tano mama kapika. Sukari yake kwa kila kilo ya mchele ilikua inacheza kati ya gramu 240 na 255, siku zote tano, na mama hajawahi kushika mizani maisha yake. Nikajipima na mie. Siku moja gramu 190, siku nyengine 310. Mkono niliokua najivunia ulikua unapika mikate miwili tofauti kwa jina moja.

Kwa hiyo sukari ikatoka kwenye mkono ikaingia kwenye kikombe. Nikachukua kikombe cha plastiki nikakikata pale pale panapoingia gramu 250, kikijaa kimejaa, hakina pa kuzidisha, hakitaki betri na hakitaki mtu ajue kusoma namba za mizani. Nazi ikafata. Tulikua tunasema nazi tatu, lakini nazi nyengine nyama nene nyengine nyembamba kama karatasi, nazi tatu ni idadi tu, kipimo ni kasimile vikombe vitatu, zikitoka nazi mbili kubwa alhamdulillah, zikitakiwa nne zikunwe nne.

Upande wa uamuzi ndipo nilipoandika vibaya mwanzo na nadhani wengi wanaandika vibaya hapa hapa. Maelekezo yangu ya kwanza yalisema uache uumuke saa moja. Januari ikaenda vizuri. Ukafika mwezi wa saba, kipupwe, asubuhi kibaridi, wasichana wanafata saa moja kama nilivyoandika na mkate unatoka umekaza kama tofali, wanakuja kunambia dada tumefata kila kitu, na kweli wamefata kila kitu. Hamira haijui saa, inajua joto. Jua la kaskazi likiwa kali jikoni kwetu dakika 45 rojo la mchele lishapanda, kipupwe linaweza kwenda saa moja na nusu na bado. Na cha kushangaza mie mwenyewe ninaponyanyua kifuniko saa siiangalii hata kidogo, naangalia limepanda mpaka wapi na kama juu limetoa yale mapovu madogo madogo yanapasuka pasuka. Jicho langu lilikua linasoma dalili, kalamu yangu ikaandika saa.

Nikachukua kalamu ya wino mzito nikachora mistari miwili ubavuni mwa ndoo nyeupe. Rojo likimiminwa lifike mstari wa chini. Likipanda likafika wa juu, pika. Saa tukaitoa kabisa kwenye maandishi, mikate ikarudi.

Hili nalirudia kwa kila mtu hata asiepika. Kabla hujaandika namna ya kufanya kitu jiulize kwanza, mie mwenyewe najuaje kama tayari? Ukilipata hilo jibu, liandike hilo. Mwenye karafuu Pemba akianika hasemi siku kadhaa za jua halafu basi, anachukua chache jamvini anazivunja asikie zinavyokatika, na mtoto wa nyumba hiyo wa miaka kumi anajua kuzivunja vile vile. Fundi wa Vespa anasikiliza. Fundi cherahani anaegeuza nguo atizame mshono kwa ndani kabla hajaipiga pasi, ile kugeuza ndio ya kuandikwa, kuandika "shona vizuri" hakumsaidii mwanagenzi.

Halafu kuna maandishi ya kumfundisha asiejua na maandishi ya kumkumbusha anaejua, na ukiyachanganya utapata karatasi ndefu ukutani ambayo hakuna anaeisoma. Nilikua naamini orodha ni za wanagenzi, mpaka nilipojua zimetoka wapi. Oktoba 1935 huko Ohio, Marekani, ndege mpya kubwa ya Boeing ilianguka ikiwa kwenye majaribio, na aliekua anairusha ni rubani hodari wa jeshi, ila siku ile ikasahauliwa kufunguliwa kufuli inayozuia usukani wa ndege usichezeshwe na upepo ikiwa imesimama chini. Baada ya hapo marubani hawakuongezewa masomo, wakatengenezewa kikaratasi cha mambo ya kuhakiki kabla ya kuruka. Na hili la pili limenigusa zaidi mana liko kwetu: Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha ya mambo 19 ya kusomwa kwa sauti chumba cha upasuaji, ikajaribiwa 2007 na 2008 kwenye hospitali nane za nchi mbalimbali, moja ikiwa ya Ifakara hapa hapa Tanzania, na vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vikashuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Madaktari wale kila kitu kilichoandikwa pale walikua wanakijua. Mtu anasahau anachokijua, na anasahau zaidi akiwa amechoka au ana haraka, na jiko la mkate saa kumi za alfajiri ni pahala pa watu waliochoka wenye haraka.

Basi orodha yangu ina mambo sita tu, imebandikwa karibu na jiko, mmoja anasoma mwengine anajibu kwa mdomo: hiliki imeingia, chumvi imeingia, mstari umefika, sufuria zimepakwa mafuta, mkaa wa juu umeshika, mikate ya oda imetengwa. Hakuna ndani yake namna ya kupika mkate. Iwe fupi, ikipita kumi watu wanaanza kusema ndio ndio bila kutizama. Na isomwe kwa sauti, hili nimeling'ang'ania, ukimwachia mtu aisome kimoyomoyo anaipita kama anavyopita kibao cha barabarani.

Mali ya stoo nitaipita haraka mana ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tunatumia kilo 12 za mchele kwa siku, polo la kilo 50 linatupeleka siku nne na kidogo. Ninaechukulia mchele huleta kesho yake baada ya kuagiza, akichelewa ni siku mbili, naongeza moja ya tahadhari, kwa hiyo nikibakiwa na mchele wa siku tatu lazima oda iwe ishatoka. Badala ya kumtaka mtu apige hesabu hii kila siku nimefunga kadi kwenye polo la mwisho, ukilifungua unaitoa kadi unaitundika kwenye msumari wa mlangoni, na mwenye zamu akiona kadi msumarini anapiga simu. Toyota ndio waliolijenga sana jambo hili, Japani, baada ya vita, mhandisi wao Taiichi Ohno alitumia kadi kama hizi baina ya vituo vya kiwanda, sehemu moja ikimaliza vifaa kadi inarudi nyuma kuomba vyengine, na wazo lenyewe alivutiwa nalo kutokana na maduka makubwa ya Marekani ambapo rafu inajazwa kile kilichochukuliwa na wateja. Wakaita kanban. Msumari wangu wa mlangoni unafanya kazi ile ile.

Pesa sasa. Kufunga hesabu kila jioni sio kuhesabu pesa za kisandukuni ukaziandika, hapo umeandika kilichopo tu na hujajua kilichotakiwa kuwepo. Anza na mikate. Siku moja tulipika 120, ikarudi 14, sadaka 3, kwa hiyo imeuzwa 103, kwa shilingi 2,000 ni 206,000. Asubuhi tulianza na chenji ya 20,000, jumla 226,000. Toa mkaa na bodaboda 18,000, toa mikopo 12,000, toa waliolipa kwa simu 40,000, kisandukuni inatakiwa iwepo 156,000. Tukahesabu tukakuta 151,000. Imepungua 5,000. Zamani hapa ndipo pangeanza maneno na kuangaliana usoni. Saivi tunaandika tu, imepungua 5,000, tarehe, nani alikua zamu, tunafunga. Baada ya mwezi nikazisoma zile pungufu zote kwa pamoja nikaona karibu zote ni Ijumaa. Ijumaa watu wanatoka msikitini wanajazana dukani, wasichana wawili wanaingiza mkono kwenye kisanduku kimoja, chenji inatoka mara mbili. Tukaweka sheria Ijumaa mmoja anapokea pesa mmoja anatoa mkate, pungufu ikakauka. Kama ningemfukuza mtu ule mwezi wa kwanza ningefukuza asie na kosa na Ijumaa ingeendelea kunila.

Na mie mwenyewe nimejiandikia mshahara, kila Alkhamisi nachukua kiasi kile kile. Nilikua nachota elfu tatu ya samaki, elfu kumi ya skuli, elfu mbili ya kitu hata sikikumbuki, halafu namuuliza msichana pesa zimeenda wapi.

La mikopo ndio zito mana halina mizani. Mtaani kwetu anaekuja kukopa ni ami yako, ni ustadhi anaemsomesha mwanao chuoni, ni bi mkubwa aliekuja kukukanda ulipojifungua. Na aliekaa dukani ni msichana wa miaka 19. Atamwambiaje bibi wa umri ule hapana? Hawezi, na mie sitaki aweze kwa kuvunja adabu. Kwa hiyo anatoa, deni linakua, anaogopa kunambia, analificha, na mie naona tu mtaji unapungua. Vile vibao vya kukopa harusi kulipa matanga vinaudhi watu na msichana havimsaidii chochote, bibi hasomi kibao, anamsoma msichana usoni.

Tulichofanya ni kwamba kila nyumba ina ukurasa wake na mwisho wake ni 10,000. Linaandikwa deni mbele ya mkopaji mwenyewe, jina, tarehe, kiasi, siku aliyosema atalipa. Ukurasa ukifika mwisho msichana anasema bi mkubwa ukurasa wenu umejaa, tukipunguza kidogo tu nakuandikia leo leo, anaonesha daftari, na wote wawili wanatizama karatasi badala ya kutizamana. Hapana imetoka kwenye daftari. Na kwa yule ambae kweli hana, msichana ana ruhusa ya mikate mitano kila siku kuitoa sadaka bila kuniuliza, inaandikwa sadaka na haidaiwi, mana nilichogundua ni kwamba nusu ya madeni yangu yaliyokufa yalikua sadaka zilizoandikwa vibaya, zikaniumiza mie na zikamuaibisha aliepewa. Kuna walioniambia kuandika madeni ya majirani ni uroho. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni, na inasema tusichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Kuandika ni kulinda undugu, mie naamini hivyo kwa moyo wangu wote, kwa sababu nimewahi kugombana na mtu nnaempenda kwa ajili ya elfu nane ambayo hakuna hata mmoja wetu aliekua na uhakika nayo.

Wafanyakazi wataondoka, hilo likubali mapema. Msichana anaolewa, kijana msimu wa wageni ukianza mwezi wa sita anakimbilia hoteli za Nungwi na Paje, na ana haki. Kinachouma ni pale anapoondoka na biashara kichwani. Kwa hiyo maelekezo kwetu anayaandika anaejifunza kwa maneno yake, mie nakaa kwenye mkeka nimenyamaza. Kila anaposimama akanitizama, pale pana tundu kwenye maandishi, tunaliziba hapo hapo. Ambavyo havielezeki kwa maneno tunachukua video ya dakika moja kwa simu, mapovu yakoje, mkaa wa juu umeshika vipi, tunaweka kwenye grupu la wotsapu.

Kuna kitu chengine watu wanakisahau, mfumo wa siku za kawaida haukusaidii siku zisizo za kawaida. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ya 2015 ilianza katikati ya Juni kwenye kipupwe, ya 2025 ilianza mwanzo wa Machi joto bado limo, kwa hiyo hata ile mistari ya ndoo inafikiwa kwa wakati mwengine kabisa, na mauzo yote yanahamia baina ya Alasiri na Magharibi. Nina daftari la Ramadhani peke yake, kila kumi tuliuza ngapi, lini oda zikapungua watu wakahamishia pesa kwenye nguo za Idd, lini wakaanza kutaka biskuti. Bila ya hilo kila mwaka unaanza upya. Na umeme. Kila mtu wa Unguja mwenye umri anakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika tukakaa miezi mitatu gizani. Mama wakati ule alikua anauza malai na juisi, wiki ya kwanza alikaa kusubiri umeme urudi, mali ikaharibika yote kwenye friza, wiki ya pili akaingia kwenye visheti na kashata. Ile wiki moja ya kusubiri ndio iliyomla mtaji. Saivi ukutani nina karatasi ya umeme ukikatika, yakipita masaa manne nini kinatolewa kwenye friza kwanza, kinapikwa au kinauzwa kwa bei gani, nani anaruhusiwa kuamua. Leseni na vipimo vya afya vya wanaoshika chakula viko kwenye kalenda na tarehe ya mwezi mmoja kabla, hilo halina maelezo mengi.

Sio kila kitu kiandikwe. Namna ya kumpokea mteja, nani apewe pole, lini umwambie mteja leo kasimile haikutulia chukua kesho, haya yaache kwa mtu, ila iandikwe ni mtu gani. Nimeona duka moja wameandika mpaka maneno ya kumsalimia mteja, msichana anasalimia kama redio, na mteja wa Kizanzibari aliezoea kuulizwa watoto hawajambo anahisi amekosewa.

Kupima nilianza kidogo kidogo. Siku moja, halafu tatu, halafu nikapanda boti nikaenda Wete wiki nzima na simu nikamwachia mwenyeji wangu. Niliporudi nikakuta mambo matatu yameharibika, na yote matatu yalikua hayajaandikwa popote. Ma mdogo wangu anauza madera na vitenge Chake Chake, neno mfumo sijawahi kumsikia akilitamka, lakini alipofiwa na mume akakaa eda miezi minne na siku kumi duka liliendeshwa na mwanawe wa miaka 17, kila jioni daftari linaingizwa ndani, analisoma, linatoka asubuhi. Tokea alipofungua duka kila kitenge kinachoingia anakiandika bei ya kununulia na bei ya mwisho ya kushuka, kwa hiyo mtoto alikua anapatana na wateja bila ya kuingia ndani kuuliza.

Mwaka jana nimejifungua tena. Maduka nimeyaacha 11, siku natoka arobaini nikayakuta 11. Nikaingia jikoni nikanyanyua ndoo nikaona ina mistari mitatu, wa tatu umechorwa chini kidogo ya ule wa juu, sikuuchora mie. Nikauliza. Msichana akanambia dada hamira tuliobadilisha ina nguvu zaidi, ukisubiri mstari wa zamani rojo lishaanza kushuka, tukajaribu siku tatu tukaona pazuri ni hapa. Nikakaa nikasubiri lipande nilione mwenyewe, na kweli, mapovu yamekuja pale pale alipochora. Tukaandika jina la hamira na tarehe pembeni ya mstari.